Sinema ya Simba Kule Sigino

Mwezi uliopita nilikwenda Babati kumtembelea mdogo wangu, anayekaa Bagara na mke wake na mabinti zao wawili. Nilifika mchana, jua likiwa kali, nikawakuta wote sebuleni wamekodolea macho televisheni, wali na mbaazi vinapoa mezani. Kilikuwa kipindi cha simba wa porini. Simba jike alikuwa amejilaza kwenye nyasi, anamvizia pundamilia mwenye mtoto. Nilipokea shikamoo za harakaharaka, bila hata mtu mmoja kugeuza shingo, nikavua viatu nikakaa.

Ungewaona ungecheka. Binti mkubwa alikuwa upande wa pundamilia. "Kimbia mama, kimbia!" Mdogo wangu, mtu mzima mwenye kitambi chake, alikuwa upande wa simba, na kila simba alipopiga hatua moja naye alijipiga ngumi gotini. Mke wake alijifunika kanga usoni, lakini alikuwa anachungulia. Binti wa mwisho, wa miaka sita, alimtazama baba yake, akamtazama dada yake, kisha akaja kunishika mkono.

"Shangazi," akaniuliza, "sisi tuko upande wa nani?"

Nilimwambia asubiri kwanza tuone. Swali lake lilinitoa pale kwenye kochi likanipeleka kijijini Sigino, nikiwa darasa la nne, siku nilipoona simba wa sinema kwa mara ya kwanza. Ngoja nikusimulie, maana ni jambo ambalo nimekaa nalo miaka mingi na bado sijui niliweke wapi.

Nilikuwa naishi kwa bibi, mama yake baba. Asubuhi kabla ya shule nilichota maji, nikafagia zizi, nikabeba samadi kwa karai mpaka shambani. Mchana nikirudi tulikaa kwenye kivuli cha nyumba tukipepeta mbaazi, maganda yanatuingia kwenye nywele na kwenye kola. Chakula chetu kikubwa kilikuwa loshoro, mahindi yaliyokobolewa, yakachemka mpaka yakalainika, kisha yakachanganywa na maziwa ya mgando. Bibi alikisafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto, na ile harufu ya moshi iliingia kwenye maziwa na kubaki humo. Siku hizi nanunua mtindi wa dukani. Ni mzuri, lakini hauna moshi.

Bibi alishuka kutoka Mbulu akiwa mke mpya. Kiswahili alikijulia ukubwani, akakiongea taratibu, akichagua neno moja moja kama anayetoa mawe kwenye mbaazi, na herufi nyingine zilimtokea kooni kama za Kiiraqw. Hakuwa mtu wa kusitasita. Ukimuuliza mvua itanyesha lini, alikujibu. Ukimuuliza ng'ombe anaumwa nini, alikujibu. Jambo moja tu halikuzungumzwa nyumbani kwetu, nalo lilikuwa simba. Hata jina lake hatukuruhusiwa kulitaja. Nilijua sababu kwa kuambiwa na baba mara moja, kwa kifupi: kaka yake bibi aliuawa na simba huko Mbulu, akichunga ng'ombe, bibi akiwa msichana mdogo. Basi.

Sasa, Jumamosi moja wageni wa mambo ya kuhifadhi wanyama walikuja shuleni kwetu na gari, jenereta na mashine ya sinema. Mwalimu wetu mkuu alikuwa ametuma ujumbe kwamba wazee wote wafike, kuna sinema ya elimu. Elimu ya nini, hakusema. Bibi alivaa gauni la kanisani, akajitanda shuka lake la baridi, tukaenda.

Walituingiza darasa la saba. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili pawe na giza, shuka jeupe likatundikwa ubaoni. Wazee walikalia madawati mbele, sisi watoto tukakaa sakafuni miguuni pao. Darasa lilinuka jasho, samli na moshi wa dizeli. Wengi wetu hatukuwahi kuona sinema. Sauti ilikuwa ya Kiingereza, na jenereta nje lilikuwa linanguruma kuliko hiyo sauti, kwa hiyo mwalimu alisimama pembeni kutufasiria, na nadhani alikuwa anabahatisha.

"Huyu ni mama," akasema simba jike alipotokea. "Ana watoto watatu. Ana njaa."

"Hata sisi," mtu akajibu kutoka nyuma, darasa zima likacheka.

Nilimtazama bibi. Hakucheka. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani.

Simba alipoanza kumfukuza ndama wa nyati, darasa liligeuka uwanja wa mpira. Vijana walimshangilia simba. Akina mama walimshangilia ndama. Jirani yetu, mzee mwenye mbuzi wengi aliyetoka kijiji kimoja na bibi huko Mbulu, alisimama na fimbo yake akaanza kuwapigia kelele nyati. "Geukeni! Mgeukieni! Mbona mnakimbia na mko wengi?" Ndama alipoangushwa, nusu ya darasa walipiga makofi na nusu wakaguna, na waliopiga makofi waliposikia mguno ule wakaacha, wakaona aibu.

Jirani hakukaa. "Mwalimu, samahani. Huyo anayepiga picha yuko wapi?"

"Yuko kwenye gari, mzee."

"Ana bunduki?"

"Sijui, mzee."

"Kwa hiyo anaangalia tu?"

Mwalimu alimwinamia mgeni mmoja wakanong'ona. "Wanasema haruhusiwi kuingilia," akatuambia. Tulikuwa hatujui tumkasirikie nani.

Kisha mambo yakageuka. Humo humo kwenye sinema, siku nyingine, simba yule yule alipigwa pembe na nyati. Alijikokota mpaka kwenye mawe walikokuwa watoto wake, akalala, hakuamka tena. Watoto wakawa wanamsukuma kwa vichwa, wanalia. Kilio chao hakikuwa cha kutisha hata kidogo. Kilikuwa kama cha paka. Akina mama waliokuwa wanamlaani dakika chache kabla wakaanza, "Jamani, maskini!" Mimi nikalia. Nililia kwelikweli, kamasi na yote, halafu nikakumbuka nimekaa miguuni pa nani. Nilikuwa namlilia aliyemla kaka yake bibi. Nikajifuta upesi kwa mkono.

Bibi alisimama, akapita katikati ya watu, akatoka.

Nilimfuata nikijua nitachapwa. Nilimkuta nyuma ya darasa, ameshika ukuta, shuka limefunika mdomo, mabega yanatikisika. Bibi alikuwa analia. Kwenye msiba wa babu sikumwona akilia.

"Bibi, unamlilia kaka yako?"

Alijifuta uso kwa shuka. "Sijui," akasema.

Sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo.

Hatukurudi ndani. Tulishika njia ya nyumbani kupitia mashamba ya mbaazi, na humo njiani, akitembea mbele bila kunigeukia, alinieleza. Siku ya tatu baada ya kaka yake kuuawa, wanaume walimfuata simba wakamchoma mikuki. Walimleta kijijini wamembeba kwenye miti. Aliyemchoma wa kwanza alipakwa siagi kichwani kama shujaa, wanawake wakapiga vigelegele, na bibi, msichana wa umri wangu, alicheza mpaka miguu ikamuuma, kwa sababu kaka yake alikuwa amelipiziwa kisasi. Walipomlaza yule simba chini alisogea kumtazama. Akaona matiti. Yalikuwa yamejaa, na manyoya pale tumboni yalikuwa yamelowa maziwa.

"Nikajua ana watoto," bibi akasema. "Wanaume hawakutazama pale."

Kesho yake alikwenda kuokota kuni, akawasikia kwenye mawe. Hakuwaambia watu. Angesema, wangeuawa. Angenyamaza, wangekufa njaa. Asubuhi iliyofuata aliiba maziwa nyumbani, kwenye nyumba yenye matanga ya kaka yake, akayamimina kwenye jiwe lenye shimo, karibu na pale walipokuwa, akakimbia. Siku ya pili akafanya hivyo tena. Mama yake alipouliza maziwa yamekwenda wapi, alisema ameyamwaga, akachapwa. Siku ya tatu alipofika kulikuwa kimya.

"Walikufa na njaa," akasema. "Sasa mimi nililia juu ya nini pale shuleni? Niliwapa maziwa watoto wa aliyemla kaka yangu. Halafu hayakuwatosha. Mpaka leo sijui nilimkosea nani."

Hapo ndipo aliposimama akanigeukia. "Usimwambie mtu."

Nikasema ndiyo, bibi.

Nitakueleza nilichofanya, ingawa ningependa kukificha. Jumatatu mwalimu alituambia tuandike insha kuhusu sinema ile. Wenzangu wote waliandika kwamba simba ni mnyama mkali na tumtunze. Mimi nilikaa na kalamu, nikaona sina cha kuandika isipokuwa lile jambo. Sikuliona kama kusema. Niliona naliandika tu, na kuandika hakuna sauti. Niliandika yote, mpaka siagi, mpaka maziwa kwenye jiwe.

Jumanne asubuhi mwalimu aliisoma mbele ya shule nzima, mstarini. Alisema ni insha bora kuliko zote. Kwa dakika tano nilikuwa mtu mkubwa. Kufikia saa sita nilielewa nimefanya nini, kwa sababu watoto mia moja na zaidi walikuwa wanakwenda nyumbani kula, na kila mmoja alikuwa amebeba siri ya bibi mdomoni.

Siku ile ile jioni mwanamke mmoja kisimani alimwita bibi "mama wa simba". Wengine walicheka. Mmoja hakucheka, aliuliza wazi mtu anayemnyonyesha adui wa ndugu yake ana moyo wa namna gani. Bibi alijaza ndoo yake, akaibeba, akaja nyumbani. Hakunichapa. Alinipakulia chakula kama kawaida, akaniambia, "Umelitoa nje," basi. Kwa siku tatu hakuniongelesha lolote zaidi ya kazi. Ningependa angenichapa.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, jirani akaja. Nilimwona kutoka mbali na fimbo yake. Yeye ndiye mtoto wa yule aliyepakwa siagi. Kila mtu alijua hivyo, ndiyo ilikuwa heshima ya ukoo wao. Niliona amekuja kudai, au kutukana.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Bibi alimpa kigoda. Alikaa mpaka kuku waliokuwa wamekimbia wakarudi kudonoa miguuni pake.

"Dada," akasema mwishowe, "ni kweli alivyoandika mtoto?"

"Ni kweli."

Mzee alivuta pumzi. "Baba yangu naye aliwasikia wale watoto wa simba. Siku ya nne baada ya mama yao kuuawa, alfajiri, alikwenda na mkuki akawamaliza. Alisema hakuweza kulala kwa kile kilio." Akachora mstari ardhini kwa fimbo, akaufuta kwa mguu. "Pale kwenye mawe alikuta maziwa. Alitusimulia mpaka anazeeka. Alikuwa anauliza, nani ameweka maziwa pale? Aliogopa. Alidhani amekosea kitu kikubwa, akachinja kondoo kuomba radhi, na hakujua anamwomba nani. Amekufa hajui."

Bibi alikuwa na ungo mapajani. Mbaazi zilianza kumwagika upande mmoja, hakuona.

"Kwa hiyo hawakufa njaa," akasema.

"Hapana."

"Na maziwa? Yalikuwa yamepungua? Walikunywa?"

Jirani alifikiri. Niliona jinsi alivyojitahidi, macho ameyafumba, anamsikiliza baba yake huko nyuma. "Hakutuambia, dada," akasema. "Na mimi sikuuliza."

Kisha bibi alianza kucheka, kidogo kidogo, kicheko chenye machozi, na jirani naye akacheka, wazee wawili na fimbo moja, na mimi nimesimama mlangoni sielewi kinachochekesha. Bibi aliniita kwa jina langu, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akaniambia nimletee mgeni loshoro. Kisimani walimwita mama wa simba mpaka alipofariki. Kadiri siku zilivyokwenda, akawa anaitikia.

Wote wawili hawapo sasa. Shamba la mbaazi tulilopita siku ile limekatwa viwanja, na nilipokwenda kulitafuta safari hii nilikuta nyumba za bati jipya na watu wasionijua, wakanikaribisha vizuri wakaniuliza namtafuta nani. Kiiraqw cha bibi nimebaki nacho maneno ya jikoni tu. Ninayo maswali ambayo nilikuwa na miaka kumi ya kumuuliza, akiwa amekaa hapo hapo na ungo wake, na sikumuuliza, kwa sababu niliogopa kuligusa tena jambo nililomharibia. Nilidhani namheshimu kwa kunyamaza. Huenda alikuwa anasubiri nimuulize.