Milango Ambayo Mwaija Hakuifungua

Mwaija alikuwa mkaguzi wa kinga ya moto kwenye maduka na nyumba za biashara, Korogwe hadi Handeni, na kwa miaka minne hakuna mtu aliyewahi kumlalamikia. Hilo peke yake lingetosha kututia wasiwasi. Mkaguzi anayependwa na wenye maduka wote ana kasoro mahali, na kasoro ya Mwaija ilikuwa adabu.

Adabu hiyo aliipata kwa mzee Obadia, mkaguzi aliyemtangulia. Darasani alikaa wiki tatu tu. Mengine yote alijifunza kwa kumfuata mzee nyuma, amembebea faili. Mzee alimwonyesha kusoma tarehe kwenye mtungi wa kuzimia moto, na namna ya kuingia dukani kwa mtu: salamu kwanza, kiti, chai ikija usiikatae, ndipo maswali.

"Mtu mzima umemuuliza mlango wa nyuma unafunguka, kasema unafunguka," alimwambia. "Sasa uende ukautikise mbele ya wateja wake? Si umemwita mwongo huyo?"

Mwaija akalishika hilo. Akawa anauliza, anajibiwa, anaandika ndiyo, anapiga muhuri.

Mwaka huu ukaja utaratibu mpya: kila mkaguzi apimwe upya, akiwa kazini, siyo kwenye karatasi. Atakayeshindwa arudishe muhuri na kitambulisho. Mpimaji aliyeletwa Korogwe aliitwa Joyceline, mwanamke wa maneno machache, na pa kwenda alichagua mwenyewe. Alichagua duka la magodoro la mzee Athuman, Kilole, ambalo Mwaija alilipitisha mwezi wa tatu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibuni, karibuni. Za nyumbani?"

Chai ikaja. Mwaija akakagua mtungi, akakagua ndoo ya mchanga, akauliza swali lake la siku zote kuhusu mlango wa nyuma.

"Unafunguka, mwanangu, bila shaka," mzee Athuman akajibu.

Mwaija akaandika ndiyo. Joyceline hakuwa amekaa wala hakugusa chai, na yeye pia akaandika kitu kwenye daftari lake.

"Umemaliza?" aliuliza.

Swali dogo tu, lakini Mwaija akaweka kikombe chini. Nyuma ya pazia la kitenge vyerehani vilikuwa vinalia, kama vilivyolia mwezi wa tatu, na hakuwahi kujiuliza vilikuwa vingapi. Akainuka, akapita kaunta bila kukaribishwa.

Wanawake tisa walikuwa wanashona foronya katikati ya marobota ya sponji yaliyofika darini. Pasi ya moto ilikuwa mezani. Dirisha lilikuwa moja, lenye nondo. Mlango ulikuwepo, wa chuma, umepakwa rangi nzuri kabisa. Mwaija akausukuma kwa mkono, kisha kwa bega.

"Haufunguki huo, dada," alisema Shamsia, fundi aliyekaa karibu nao. "Jirani kajenga ukuta kwa nje. Huu mwaka wa pili."

Mzee Athuman aliona haya, haya ya kweli. "Zamani ulikuwa unafunguka, mwanangu," alisema. "Na wewe hukuwahi kutaka kuuona."

Duka lilifungwa saa ileile mpaka ukuta uvunjwe. Nje, kando ya barabara, Joyceline alifungua faili.

"Milango mingine uliipimaje?"

"Niliuliza."

"Yote?"

Angeweza kudanganya. Sisi wengine tungedanganya. "Yote," alisema, na machozi yakamtoka palepale. Ilikuwa mia mbili na kumi na nne. Akatoa muhuri, akavua kitambulisho shingoni.

"Itakaguliwa upya," Joyceline alisema. "Wakaguzi wapya wakishafuzu. Miezi mitatu, pengine minne."

"Kuna hosteli ya wasichana Handeni. Hiyo isingoje."

"Nimeandika. Itaingia kwenye orodha."

Orodha! Kana kwamba moto nao husoma orodha. Kazi Mwaija hakuiwaza tena. Aliwawaza wasichana thelathini na wawili ghorofani, ngazi moja ya mbao, jiko la mkaa chini ya ngazi hiyo, na mlango wa dharura ambao aliuandikia ndiyo akiwa amekaa kwenye kiti. Kesho yake asubuhi alikuwa Handeni.

Msimamizi wa hosteli, Ramadhan, alimpokea kwa furaha na kumvutia kiti. Mwaija hakukaa.

"Naomba nipande nikaufungue mlango wa dharura."

"Hakuna shida, mama. Nione kitambulisho."

"Sina. Nimekirudisha."

Ramadhan akakuna kichwa. "Sasa mama, hawa ni watoto wa kike. Siwezi kupandisha mtu asiye na kitambulisho, wazazi watanila nyama."

"Basi panda wewe. Usukume tu, uniambie."

"Ufunguo anao mwenye nyumba, na yeye yuko safari. Lakini unafunguka, mama, usijali. Cheti si hiki hapa?"

Kilikuwa ukutani, ndani ya fremu ya kioo, juu ya meza ambapo wazazi hulipia. Mwaija akaona mwandiko wake.

"Nilikosea, Ramadhan. Mlango ule sijawahi kuugusa."

Ramadhan alicheka kwa upole, kama anayemliwaza mtu aliyepoteza kazi.

"Mama, kama ungekuwa na shaka, ungesaini?"

Nyuma yake mpishi alikuwa anapepea mkaa, na moshi ulikuwa unapanda ngazi taratibu, kuelekea walikokuwa wasichana.