Namba Tatu Usiguse

"Ukigusa namba tatu, mwanangu humuoi."

Maneno hayo alininong'oneza mama mkwe wangu mtarajiwa. Meno kayauma, uso unatabasamu kwa ajili ya kamera.

Ukumbi umejaa walimu, wazazi na wanafunzi wa zamani wenye vitambi. Mimi niko nyuma ya kinanda, jasho linatiririka mpaka kwenye soksi.

Na kilichonitisha si kitisho chenyewe.

Amejuaje kilichomo kwenye namba tatu, wakati hata mimi sijui?

Ngojeni niwarudishe nyuma, maana habari hii ukiianzia katikati utadhani nimerogwa.

Mimi ni mpiga kinanda wa shughuli. Harusi, mahafali, uzinduzi wa saluni, popote penye watu na spika. Mtaani wananiita Vidole. Kazi hii naipenda kwa sababu napenda watu, na zaidi napenda habari za watu. Mpiga kinanda anakaa kona inayoona meza zote. Nani kamnunia nani, nani kaficha soda kwenye mkoba, vyote ninavyo kabla keki haijakatwa.

Sasa, kinanda changu kina vitufe vinane vya kumbukumbu. Unachagua sauti, mdundo, kasi, mwangwi, halafu vyote unaviweka kwenye kitufe kimoja. Siku ya kazi unabonyeza mara moja tu, mambo yanajipanga yenyewe. Namba moja yangu ni fidla za taratibu za mgeni rasmi kuingia. Namba mbili ya chakula. Namba tatu ya keki.

Kinanda chenyewe hakijui Kiswahili. Sisi tumekitafsiria kama simu zetu: kuweka mipangilio ni kuhifadhi, kuirudisha ni kupakia.

Hayo maneno mawili yashikeni. Ndiyo yaliyonimaliza.

Mchumba wangu anafanya kazi duka la dawa. Mpole, akicheka anacheka kwa mabega. Tatizo ni mama yake, Mwalimu Mkuu kwa miaka ishirini na sita. Wanafunzi walimpa jina la Mikono Nyuma, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza akiingia darasani na la mwisho akitoka.

Siku ya kwanza kupelekwa kwao, nilijikuta nimesimama sebuleni, natazama mapazia yake ya maua ya zambarau, mikono iko nyuma. Na sijaambiwa.

"Unafanya kazi gani?"

"Napiga kinanda, mama."

"Nimeuliza kazi. Sijauliza mchezo."

"Ndiyo kazi yenyewe, mama."

"Mwanangu haolewi na mtu wa kubonyeza vitufe."

Basi. Chai sikuimaliza.

Mwenzangu alilia wiki nzima. Halafu mama akafikia kustaafu, na kamati ya walimu, bila kujua lolote, ikanikodi mimi nikapige kwenye sherehe ya kumuaga. Mama alipopata habari akanipigia mwenyewe.

"Njoo upige. Ukinipigia vizuri, Jumapili walete wakubwa zako tuzungumze. Ukiniaibisha, hata njia inayopita mbele ya nyumba yangu uisahau."

"Ndiyo, mama," nikajibu. Mkono mmoja nyuma, mwingine umeshika simu.

Wiki mbili nikapanga vitufe vyangu. Alhamisi nikamaliza, nikanakili vyote kwenye flashi. Lakini mimi na vitu vidogo hatupatani, napoteza hata funguo nilizoshika. Nikaipeleka kwa shangazi yangu, fundi cherehani, aliyekuwa anamalizia koti langu la sherehe.

"Shangazi, nihifadhie hii. Maisha yangu yote yamo humu."

Akaiinua kwenye mwanga. "Ndani ya kidude hiki? Mbona maisha yako mafupi!"

"Shangazi!"

"Lete hapa. Mimi nikihifadhi kitu, hata mwizi anaomba radhi."

Jumamosi asubuhi umeme ukakatika, ukarudi na hasira. Kinanda kikatoa uzi mwembamba wa moshi, kikazimika.

Nikakibeba mbio mpaka kwa Fundi Risasi. Jina ni la risasi ya kuchomelea nyaya, si ya bunduki, ingawa mdomo wake unaua vilevile. Hakukifungua. Alikinusa tu.

"Marehemu huyu. Pole sana."

"Fundi, nina shughuli saa nane!"

"Basi chukua ndugu yake." Akavuta kinanda cha aina ileile, kimefunikwa kitambaa cha maua ya zambarau. "Cha mteja wangu. Mende aliingia, nimemtoa. Anakuja kukichukua Jumatatu."

"Mteja gani?"

"Mtu wa heshima zake. Aliniapisha nisimtaje. Hukileta kimeviringishwa shuka kama mgonjwa."

Siku nyingine ningekaa pale mpaka nilijue jina la mteja, la mende na la ukoo wa mende. Lakini muda ulikuwa unanikimbia. Nikamwambia flashi iko kwa shangazi, kibanda chake kinatazamana na karakana, apakie vyote, nikakimbilia kwa kinyozi.

Huko nikampigia shangazi.

"Flashi vipi?"

"Nimeshaihifadhi. Utaingia nayo ukumbini, usihangaike."

Nikaelewa kwamba keshampa fundi. Nikampigia fundi.

"Umepakia?"

"Nimepakia, bosi."

"Vyote?"

"Vyote! Hakuna kilichobaki. Mpaka kamba nimekaza."

Hapo kwenye kamba ningepaswa kushtuka. Lakini mtu mwenye kichwa kilichonyolewa nusu hawezi kufikiri.

Pikapu iliyokileta kinanda ikapata pancha. Kinanda kikaingia ukumbini dakika tano kabla ya mama, nikabaki na muda wa kuchomeka nyaya tu. Koti la shangazi limenikaa kama nimezaliwa nalo, ila kila nikiinama kuna kitu kinanichoma kiunoni. Nikadhani pini.

"Wote tusimame!" mshereheshaji akapaza sauti. "Anaingia mama yetu!"

Nikabonyeza namba moja.

Jamani.

Badala ya fidla zikatoka tarumbeta, ngoma za kukimbizana, na kwa nyuma filimbi ya refa. Mama yuko mlangoni, mguu mmoja hewani. Na naapa, bega lake la kushoto lilicheza. Mara moja tu. Akalirudisha mahali pake haraka kama mtu anayeficha barua.

Nikakimbilia namba mbili, nikashika noti tatu kwa pamoja.

Majogoo watatu wakawika.

Si utani. Kila noti jogoo wake. Nikajaribu noti nyingine, akawika mwingine, tena alisikika ndiyo kwanza anaamka. Mchumba wangu, meza ya mbele, akajifunika uso kwa kitambaa cha meza.

Kidole kikaenda namba tatu. Kabla hakijafika, mama keshafika. Zulia zima amelimaliza kwa hatua sita.

"Ukigusa namba tatu, mwanangu humuoi. Bonyeza tano."

Nikabonyeza tano. Fidla. Laini, za taratibu. Ukumbi mzima ukashusha pumzi.

Ndipo akili ikaanza kuokota vipande. Mtu wa heshima zake. Shuka. Kitambaa cha maua ya zambarau. Mapazia ya maua ya zambarau!

"Mama," nikanong'ona, "hiki kinanda si ni ch—"

"Nyamaza upige."

Nikapiga. Saa nzima nikapiga kwa kuongozwa kutoka meza kuu. Wazungumzaji wanamsifu kwa nidhamu, yeye anatikisa kichwa kwa upole, huku chini ya meza ananionyesha vidole. Vitano. Sita. Vitano. Watu wakaanza kusema huyu kijana kumbe anajua. Jumapili nikaiona hii hapa, naweza hata kuishika.

Ikafika keki.

"Vidole! Tupe kitu cha keki!"

Nikainama kuongeza sauti kwenye amplifaya. Kile kitu cha kiunoni kikanichoma barabara. Nikaruka. Kiwiko kikatua juu ya namba tatu.

Kwanza mdundo. Kisha sauti ya mwanamke, imerekodiwa, ina mwangwi wa ukumbi wa disko:

"Haya wapenzi wangu! Mikono juuu! Mama Mtikisiko yuko hewani! Shule imefungwaaa!"

Hakuna mtu ukumbini ambaye hakuijua sauti ile. Nusu yao waliwahi kutolewa nje ya darasa na sauti hiyohiyo.

Nikabonyeza tena kuizima. Ikaanza upya.

"Haya wapenzi wangu!"

Nikabonyeza tena.

"Mikono juuu!"

Kisu cha keki kimesimama hewani. Mama hakupepesa. Mimi nikaanza kuaga kimoyomoyo: kwaheri mchumba, kwaheri Jumapili, kwaheri ile njia.

Basi mwalimu wa hesabu, mzee aliyefundisha chini yake miaka yote, akaweka soda yake mezani. Polepole, kama mtu anayetii amri aliyoingoja muda mrefu, akanyanyua mikono juu.

Mlinzi wa getini akafuata. Halafu meza ya wazazi. Mara ukumbi wote, mikono juu!

Nikaona kidevu cha mama kinatetemeka. Nikajua sasa analia.

Kumbe kicheko. Kicheko kilichokaa ndani miaka ishirini na sita, kikatoka kwa vurugu mpaka miwani ikaanguka kwenye keki. Akavua viatu, akaja kwangu.

"Sogea, wewe. Unakibonyeza kama unaua mende."

Akakaa. Namba moja, tarumbeta. Mkono wa kushoto unashika noti ambazo mimi nilizijua mwaka wa tatu wa kazi. Akaingiza majogoo, lakini kwa mpango, wakawa wanaitikia. Watu wakacheza mpaka keki ikasahaulika na miwani yake juu.

Baadaye, nikiwa nakunja nyaya, akaniambia mwenyewe. Miaka minne, kila jioni, anajifungia stoo na kinanda, sauti kaiingiza kwenye hedifoni. Binti yake alidhani anasahihisha mitihani.

"Sasa mama, mbona ulinikataa kwa ajili ya vitufe?"

Akatazama huku na huku.

"Kwa sababu naujua ugonjwa huo. Nikasema nyumba moja haiwezi kubeba wagonjwa wawili." Akavaa kiatu kimoja. "Jumapili saa nne. Wakubwa zako waje. Na wewe njoo na nyaya ndefu."

Shangazi akatokea na sahani yake. "Enhe, flashi imekufaa?"

"Flashi gani, shangazi? Sijaiona!"

Akanigeuza kama nguo kwenye kamba, akapindua pindo la koti, akakata uzi kwa meno. Flashi ikaanguka sakafuni.

"Si nilikwambia utaingia nayo? Mimi kitu cha kuhifadhi nakishonea."

"Na mimi niliulizwa kama nimepakia," Fundi Risasi akadakia, mdomo umejaa keki. "Nilipakia. Pikapu ni shahidi."

Leo tuna miezi minane ya ndoa. Mama mkwe anapiga nami kila Jumamosi. Kinanda changu kilipona, lakini vitufe vyake saba ameshavihifadhia vya kwake, mimi nimeachiwa kimoja. Wiki iliyopita bwana harusi mmoja aliingia ukumbini kwa majogoo, na akacheza.

Nilichojifunza? Mtu akikwambia amehifadhi, muulize wapi. Akikwambia amepakia, muulize kwenye nini. Na ukiona mtu anakichukia kitu chako kwa nguvu zote, usigombane naye. Omba tu ufunguo wa stoo yake.

Mnaojiuliza kama nina ruhusa ya kuandika haya: ninayo. Nimemsomea yote jana sebuleni kwake kabla ya kuweka hapa. Kasahihisha makosa manne ya herufi, kakataa ile sehemu ya miwani, nikambembeleza, kakubali.

Nilimsomea nikiwa nimesimama. Mkono mmoja nyuma, mwingine umeshika simu.