Beringi Tatu Juu ya Kaunta

Katika ile barabara ya magereji, duka la vipuri lenye mlango wa bati wa kijani lilikuwa la mwanamke mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye watu walimwita Mama Beringi. Jina hilo hakupewa kwa mzaha. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa malori, na alipofariki alimwachia watoto wanne, sanduku la spana na rafu moja ya beringi ambazo hakuwahi kuzifunga popote. Shule mwenyewe aliishia darasa la saba, tena darasa la saba la zamani, la kalamu ya wino na hesabu za kichwa, na alipenda watu walijue hilo. Namba za beringi alizishika kama wenzake wanavyoshika majina ya wajukuu. Ukimletea iliyokufa, imeungua mpaka maandishi yamefutika, aliipima kwa vidole, akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye boksi lake.

Alikuwa na utaratibu wake. Hakuna beringi iliyotoka dukani bila kufunguliwa karatasi, kusogezwa sikioni na kuzungushwa kwa kidole. Ikikwaruza hata kidogo ilirudi kwa msambazaji aliyeileta, naye aliyeileta aliondoka nayo akiwa amesikia maneno ya kumtosha wiki nzima. Kwa miaka ishirini na mitatu hakuna aliyewahi kusimama mbele ya kaunta ile na kumwambia kitu chake ni feki.

Wa kwanza akawa shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi aliyefundishwa kazi na marehemu huyo huyo. Ilikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi, saa ambayo mafundi wote wa barabara ile hufika kuchukua vifaa vya siku. Aliingia akipita katikati ya watu, akabwaga beringi juu ya kaunta, chuma kikalia.

"Ya tatu hiyo, shemeji! Ya tatu kwa miezi miwili! Unaniuzia beringi au biskuti?"

Watu wakacheka. Mama Beringi hakucheka.

"Salamu kwanza, shemeji."

"Salamu baadaye. Lile lori la tajiri nimelibadilisha klachi, kazi safi, kila mtu kaona. Tangu siku hiyo beringi ya kati inakufa tu. Naweka, inakufa. Naweka, inakufa. Leo nasema mbele ya watu: hizi ni feki."

"Iache hapo," akamjibu. "Mbili za mwanzo ziko wapi?"

"Kwenye gari langu."

"Zilete."

Akazileta, akaondoka bila kuaga. Waliobaki wakawa na haraka ghafla. Mmoja alikumbuka ameacha jeki chini ya gari, mwingine alisema atarudi mchana. Hawakurudi. Jumatatu yake watu walipita mbele ya mlango wa kijani wakiangalia upande wa pili wa barabara, kana kwamba kule kuna harusi. Jumatano aliuza fani belti moja, tena kwa mgeni. Alikaa kwenye kiti chake, mgongo umenyooka, na kama kuna kilichomuuma hakuna aliyekiona. Lakini alijua vizuri: duka la vipuri likishaitwa la feki, unaweza kulipaka rangi mpya, unaweza kuhama barabara, jina litakufuata hadi huko.

Zile beringi tatu alizipanga juu ya kaunta kwa mstari, akawa anaziangalia kati ya mteja na mteja, na muda kati ya mteja na mteja ulikuwa mrefu.

Kwa asiyejua mambo ya malori, chini ya bodi kuna propela, yaani lile bomba la chuma linalozunguka na kupeleka nguvu ya injini hadi magurudumu ya nyuma. Kwenye lori refu hukatwa vipande viwili, na katikati hushikiliwa na beringi iliyokaa ndani ya raba, nayo raba imefungwa kwenye chesisi. Hiyo ndiyo beringi ya kati. Propela inazunguka, beringi imetulia. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Hizi tatu hazikuwa zimetulia. Kila moja raba yake ilichanika upande wa chini, kidogo kulia. Kila moja ilikuwa na weusi wa kuungua mahali pale pale. Beringi mbovu alizijua: hii hupasuka, ile hukauka grisi, nyingine hulia siku ya kwanza tu inapofungwa. Hazifi sare kama wanafunzi wa bweni moja. Hizi zilikuwa zimepigwa na kitu kimoja.

Alhamisi akaja dereva wa lile lori kutafuta balbu ya indiketa. Alikuwa kijana mwembamba, msafi kupita kiasi. Lori lake alilitunza kuliko wengine wanavyotunza nyumba, na mafundi walimtania kwamba anaomba ruhusa kabla ya kukanyaga breki.

"Pole na kazi, mama."

"Nimeshapoa. Lori vipi?"

"Likiwa tupu halina neno. Likibeba mzigo, nikivuta mwendo, linatetemeka hadi kwenye kiti, kama simu iliyowekwa mtetemo. Halafu ndiyo hiyo, beringi kwisha. Hii ya juzi hata wiki haikumaliza."

"Ya juzi ipi? Ya tatu ninayo hapa tangu Ijumaa."

Dereva akaitazama balbu yake kama anayesoma kitabu.

"Sema, mwanangu."

"Fundi alinunua nyingine. Kwenye lile duka kubwa la mjini, la viyoyozi. Alisema nisikwambie."

Mtu mwingine angetoka pale pale akipiga kelele barabara nzima. Yeye alikaa akawaza. Akisema sasa, watajibu kwamba hata la viyoyozi linauza feki, na beringi ya tano itakufa, na ya sita. Hakutaka kushinda kwa mdomo. Alifunga mlango wa kijani saa nne asubuhi, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ya mazishi ya mumewe, akatia zile beringi tatu kwenye kikapu na kuongozana na dereva hadi gereji ya shemeji.

Lori lilikuwa limesimamishwa juu ya shimo la kazi, na shemeji yuko chini yake.

"Viatu hivyo navijua," sauti ikatoka shimoni. "Kama umeleta beringi nyingine, shemeji, rudi nayo."

"Sikuleta ya kuuza. Ile ya viyoyozi imekufaje?"

Spana ikawekwa chini taratibu.

"Imechanika raba."

"Chini kidogo kulia?"

Shemeji akachomoza kichwa, mafuta hadi kwenye nyusi. Akamtazama dereva, dereva akatazama mawingu.

"Nani kakwambia?"

"Hizi." Akazimwaga zile tatu kwenye ukingo wa shimo. "Zitazame. Maduka mawili, viwanda viwili, kifo kimoja. Tatizo haliko kwenye beringi, liko kwenye kinachozipiga. Propela uliifunga vipi?"

Hapo alikuwa amegusa pabaya. Fundi yule alikuwa na utaratibu aliojivunia kuliko cheti chochote: kabla ya kuitenganisha propela alichora mstari mwekundu unaovuka vipande vyote, kwa rangi ya kucha ya mkewe, maana chaki hufutika na ile haifutiki hovyo. Mkewe alishachoka kulalamika; siku hizi hununua chupa mbili, moja ya kucha, moja ya malori.

"Shuka uone mwenyewe," akasema. "Nimefunga mstari kwa mstari. Hata kaka angekuwa hai asingepata la kusema."

Mama Beringi hakuwa wa kushuka mashimo tena, lakini alishuka, ngazi ikilalamika, akamulika tochi. Mstari ulikuwepo, mwekundu, umenyooka kabisa. Akasogeza miwani. Mstari ulikuwa mpana kama kidole gumba, na kwenye rangi zilinasa nywele mbili tatu za brashi.

"Hivi mkeo anapaka kucha kwa brashi ya ukuta?"

Shemeji akainama. Akaangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hii si yangu," akasema.

Juu ya shimo, dereva akakohoa. "Fundi. Usikasirike lakini."

"Nishakasirika. Sema."

"Siku ile ya klachi, ulipokwenda kula. Propela ilikuwa chini hapo, ina matope, tajiri alikuwa anakuja, nikaona aibu. Nikaiosha na petroli. Pale bomba linapochomekana, nikakuta yale meno ya kushikana yana grisi chafu, basi nikaichomoa, nikasafisha, nikarudisha. Mstari wako ulikuwa umetoka. Nikachora mwingine kwa rangi ya bodi. Nilirudisha pale pale, fundi. Nilikuwa nimekariri."

"Amekariri!" Shemeji alitafuta spana kwa mkono. "Shemeji umesikia? Mwalimu amekariri!"

"Utamuua baadaye. Kwanza ilaze chini."

Wakafungua boliti, wakaishusha propela, wakailaza kwenye sakafu ya saruji. Kila ncha ya kile kipande cha nyuma ina masikio mawili ya chuma yanayoshika krosi, kile kiungo chenye umbo la msalaba, na ikifungwa sawa, masikio ya mbele yakilala, na ya nyuma yanalala. Wakayalaza ya mbele bapa. Ya nyuma yakabaki yameinuka upande, kama mtu aliyeegemea ukuta kusikiliza ya jirani. Shemeji akapiga magoti, akaichomoa pale kwenye meno, akazungusha, akarudisha. Jino moja: bado. Jino la pili: masikio yote yakalala.

"Meno mawili," akasema.

"Meno mawili," akakubali Mama Beringi. "Ndiyo yanayotetemesha kiti. Na wewe hukuyatazama masikio. Ulitazama rangi."

"Niliamini alama yangu."

"Haikuwa yako."

Alasiri ile lori lilifungwa beringi mpya iliyotoka katika duka la mlango wa kijani, katika boksi lile lile lililoitwa la feki. Mwenye duka aliichagua mwenyewe. Lori likapakia saruji, likaenda, likarudi, likaenda tena. Wiki tatu zilipita. Dereva alileta habari kwamba kiti kimetulia, na kwamba ukigusa beringi baada ya safari unaweza kuacha mkono juu yake.

Wateja lakini hawakurudi. Hawakuwa wameambiwa kitu.

Jumapili shemeji akamtembelea nyumbani, amevaa shati safi, amemletea sukari. Akakaa ukingoni mwa kochi, akaulizia wajukuu, akausifu mlango mpya wa choo.

"Shemeji," akasema mwisho, "yale mambo yamekwisha. Tulikosana tu. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu mle shimoni. Lile neno ulilisema wapi?"

"Neno lipi?"

"Usinizungushe, shemeji. Wapi?"

"Dukani."

"Saa ngapi?"

Akainamisha kichwa. "Saa mbili asubuhi."

"Basi njia unaijua. Kunywa chai, inapoa."

Jumatatu hakuonekana. Jumanne, saa mbili na dakika chache, mafundi walikuwa nje ya duka la jirani wakisubiri lifunguliwe, maana mwenyewe alichelewa kama kawaida yake. Shemeji alipita katikati yao, akasimama kwenye kizingiti cha mlango wa kijani, akageuka kuwatazama.

"Jamani. Beringi za shemeji hazikuwa na kosa. Propela niliifunga vibaya mimi."

Hilo tu. Dereva hakumtaja, na tajiri hakulijua kamwe. Mama Beringi alilisikia hilo pia, lile lisilosemwa, akalihifadhi mahali pake. Lakini hakuinua kichwa kwenye daftari.

"Rudia, shemeji. Wa kule nyuma hawajasikia."

Shemeji akavuta pumzi na kurudia, safari hii kwa sauti ya kuitia watu barabarani. Mmoja akapiga mluzi. Mwingine, fundi wa mabasi, akaanza kuvuka akitaja namba ya beringi anayotaka, na nyuma yake wakaja wawili. Wa tatu alimshika shemeji begani, akamwomba asogee, maana anaziba mlango.