Chungu cha Mbegu

Kwa miaka mingi nilikana, lakini ni mimi niliyemwonyesha bwana wa msaada maharage ya mama. Juzi, huko Kibondo, nilimwona ofisa akichungulia nyumba ya watu, nikaona aibu upya.

Kwetu Titye, mbegu zilikaa uvunguni, kwenye chungu, zimechanganywa na majivu. Mwaka mmoja wa njaa, mchana, mama alikuwa kisimani. Bwana yule, aliyekuja kuandikisha wenye njaa, ananukia sabuni, aliniuliza, "Humu mna chakula?" Nilidhani anatucheka. Nikakivuta chungu. "Tunacho! Kimejaa!"

Jina letu likakatwa kwenye orodha. Unga wa msaada ukatupita, tukala mbegu, na mvua zilipoanza hatukuwa na cha kupanda.

Mama aliamua kwamba aliyetusema ni jirani yetu, Mama Zebedayo. "Mmbeya wewe! Umewaua wanangu kwa njaa!" alimfokea mbele ya watu. Mimi nilitikisa kichwa kukubali.

Siku hizi nina shahada, nawaandikia wengine jinsi ya kutunza mbegu. Jana nilimpigia mama, nikakiri.

"Mama Zebedayo alizikwa mwezi uliopita," alisema. "Sikwenda."

Akakata simu.