Tungule za Maji ya Udhu

Mimi ni mtoto wa mjini, kisiwani, ambako tungule hutoka sokoni ndani ya kikapu. Wanaoziita nyanya na waziite. Kwetu ni tungule, nami sitaanza uzeeni kugeuza ulimi. Nilipoolewa Kisauni sikuwa nimewahi kuiona ikiwa mtini. Nilidhani mti wake ni mkubwa, mtu hukwea akachuma. Mume wangu alipolisikia hilo alicheka mpaka akakaa chini, nami nikamnunia siku nzima.

Baba mkwe hakunicheka. Alinichukua nyuma ya ua wa makuti akanionyesha bustani yake: mabamia, mabilingani, mchicha, pilipili, na tuta moja refu la tungule ndogo, nyekundu, zenye ukali wa kuamsha ulimi. Mbegu yake aliirithi kwa mamake, na hakuwa nayo mwingine mtaani. Mzee yule alikuwa mkarimu wa kila kitu, hata kanzu yake angekuvulia, ila mbegu ile hakumpa mtu. Kila msimu alipanda nusu, na nusu akaichanganya na jivu ndani ya kibuyu kilichoning'inia juu ya meko, moshi ukiilinda na wadudu.

"Mbegu haipandwi yote, mwanangu," aliniambia. "Mvua si ndugu yako."

Mwaka wa pili wa ndoa yangu akaugua. Mvua za vuli zikiwa zinaishia, aliinuka kitandani, akatungua kibuyu, akaenda tutani peke yake wala hataki kushikwa mkono. Aliporudi, mavyaa yangu, mkewe, alikitikisa kibuyu. Hakikulia. Mzee alikuwa amepanda yote, asibakishe hata punje. Labda ugonjwa ulimsahaulisha, labda alikuwa na lake moyoni. Hatukumwuliza, na baada ya siku chache alifariki.

Asubuhi ya hitima nilikwenda nyuma kumwaga majivu, nikaziona. Zilikuwa zimetoka, majani mawili mawili, kila mche umebeba vumbi la udongo kichwani. Nilisimama na ndoo yangu. Ndani watu wanamsomea, yeye aliyezipanda yumo udongoni, nazo ndiyo kwanza zinatoka udongoni. Subhanallah! Nililia pale kuliko nilivyolia siku ya mazishi, na haikuwa huzuni peke yake. Niliogopa, nikafurahi, basi nikarudi jikoni kuosha masufuria.

Lakini niliona pia kwamba mstari ule haukuwa mstari. Mwanzo ulikwenda sawasawa, kisha ukapinda, ukakatika, ukaanza tena upande, na mwisho miche ilirundikana mahali pamoja kama iliyomwagwa. Niliona ni aibu ya mzee, Mungu amrehemu, na sikumwambia mtu. Nilinuia kuja kuinyoosha nikipata nafasi.

Mavyaa naye alikuwa ameingia eda, na eda yake haikuwa ya mchezo. Mwisho wake ulikuwa uani, jikoni na chooni. Bustani ilikuwa hatua chache nyuma ya makuti, na ua wenyewe una matundu, nikamwambia, "Mama, si uchungulie tu? Nani atakuona?"

"Eda yangu siwakalii majirani," akanijibu. "Namkalia Mwenyezi Mungu, na mume wangu. Wewe ndiwe mato yangu. Zikifa hizo tungule, mbegu ya mavyaa yangu imekwisha duniani. Umenisikia?"

"Lebeka, mama, nimesikia."

Kusikia nilisikia. Kujua ndiko kulikokuwa hakuna. Kaskazi ikaingia, jua likawa la kuchoma nyayo. Mume wangu huondoka alfajiri kwa baiskeli, avuke daraja la Nyali kwenda kazini bandarini, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu. Nikateka maji kisimani, nikamwagia asubuhi na jioni, tena kwa moyo mmoja, natoka jasho. Kadiri nilivyomwagia ndivyo zilivyozidi kunyauka. Ncha za majani zikawa kahawia, zinakatika ukizigusa. Nikamchumia mavyaa jani moja, nikampelekea.

Alilitazama, akalisugua baina ya vidole. "Niletee maji unayomwagia." Nikamletea kwa kata. Akaonja, akatema. "Ole wangu! Wazinywesha bahari, mwanangu!"

Kumbe kisima chetu kiko karibu na mkono wa bahari. Mvua ikinyesha, maji yake huwa matamu. Kaskazi ikikaza, chumvi huingia chini kwa chini. Kila mtu wa Kisauni alilijua hilo, ila hakuna aliyekumbuka kwamba mimi si wa Kisauni. Sisi ya kunywa na ya kutawadhia tulinunua kwa muuza maji, aliyeyaleta kwa mkokoteni katika madebe, na siku nyingine asije. Nani angemwaga maji matamu ardhini? Redio za majirani zilikuwa uhuru na mwambao, mwambao na uhuru, pwani ijitenge au isijitenge. Kwetu sisi mazungumzo yalikuwa maji.

Adhana ya adhuhuri ilipotoka, mavyaa akaniita nimletee karai. Akakaa juu ya kibao, akaliweka karai miguuni, akatia udhu taratibu, kila tone likaanguka ndani. Mikono, kinywa, uso, mpaka miguu. Akanisukumia. "Haya. Kampelekee."

Hakusema "kazipelekee." Alisema "kampelekee," nami nilimsikia vizuri.

Tangu siku hiyo hapakumwagwa udhu nyumbani mwetu. Wake, wangu, wa mume wangu akiwapo, na maji ya kuoshea mchele juu yake. Kisha nikaona mavyaa anasali kupita kiasi. Dhuha haimpiti, sunna haimpiti, na udhu wa kwanza ungalipo anatia mwingine. Nikamtania, "Mama, na hii nayo sala gani?"

Akaniangalia, nikadhani nimepata la kupata. "Sala ni ya Mungu," akasema. "Maji ni ya tungule." Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, akajifunika mdomo kwa ukaya wake wa kichwani kana kwamba ameiba.

Wallahi zilirudi. Si zote, lakini jani jipya lilitoka chini ya lililoungua, kisha maua ya manjano, kisha vitungule kama shanga. Kila asubuhi nilikuwa natoka kwenda kuangalia kabla sijanawa uso. Mwanamke mzima, nimechutama mbele ya tungule, naona ajabu ya chumvi kushindwa na udhu wa kizee. Nimezaa watoto baadaye, na nimestaajabu hivyo mara chache.

Ziliiva eda haijaisha. Nilizileta uani kwa ungo, na mavyaa akanifundisha kuziweka. Tulizipasua katikati, tukazinyunyiza chumvi, tukazianika juani chini ya mtandio mwepesi wa kuzuia nzi, na kabla ya umande tukaziingiza ndani. Nyingine tulizitia achari, kwa pilipili, kitunguu thomu, siki na mafuta ya uto. Zilizokuwa bora kuliko zote hakuniruhusu kuzigusa. Ziliachwa mtini mpaka zikasinyaa, kisha akazikamua mwenyewe, akasugua mbegu kwa jivu na kuzitia kibuyuni. Alikitikisa karibu na sikio lake, na kililia.

Eda ilipoisha mawingu ya masika yalikuwa yameshasimama. Mavyaa akaoga, akavaa leso mpya, akatoka nyuma ya ua, mimi nimefuata na kibuyu. Mitungule ilikuwa imekwisha kukauka, vijiti vimesimama pale pale. Niliona haya, kwa sababu sikuwa nimeunyoosha ule mstari.

Yeye alianza mwanzoni mwa tuta, akatembea polepole akigusa kijiti kimoja kimoja. "Hapa alikuwa mzima," akasema. Ulipopinda akasimama. "Hapa mkono umeanza kumtetema." Ulipokatika: "Hapa alipumzika." Akafika mwisho, pale vijiti viliporundikana, akakaa chini mchangani na leso yake mpya. "Na hapa alikaa, mume wangu. Hakuweza tena."

Mimi nilipanyeshea mahali pale kaskazi nzima, na sikuona ila kazi mbovu. Machozi yalinitoka, nikajitia kusema la maana: "Mama, nikuletee kamba tunyooshe?"

"Kamba ya nini?"

Akainuka, akarudi mwanzo, akachoma kidole udongoni kando ya kijiti cha kwanza, akatia mbegu. Akaufuata ule ule, ulipopinda akapinda, ulipokatika akapita. Alipofika pale mzee alipokaa, hakumwaga. Alikiziba kibuyu, kingali kizito, akanishikisha.

"Hii ni yako," akasema. "Usiipande yote."