Waya wa Kijani wa Kyule

Kyule hakuwa mtu wa kuketi. Kanisani alisimama mlangoni, na harusini alikula huku akizunguka kukagua soketi za watu. Kitengela nzima hakukuwa na fundi wa umeme msumbufu kama yeye. Tulimcheka, kisha stima ikipotea tukamwita. Mwaka wa 1991 ndugu yake Mbuvi alishika mlango wa chuma wa kibanda kisicho na waya wa ardhi, ule wa kijani unaopeleka udongoni umeme uliovuja, akafa papo hapo. Umeme wa kibanda hicho aliuweka Kyule. Tangu siku hiyo, waya wowote wa kijani aliouona aliupeleka udongoni kwanza.

Julai 2003 Kasaine alirudi kutoka Marekani na hita ya kupasha moto nyumba nzima, mashine ya kupoza ya kuwekwa nje, na themostati ya ukutani ya kuziamuru zote mbili. Mama yake, pale Matasia, alikuwa na kifua kibovu, na daktari alishaonya kwamba baridi ya mwaka huo huenda asiivuke. Kasaine mwenyewe alikuwa anasafiri tena Ijumaa, kwa hiyo akamwita Kyule azifunge upesi.

Alhamisi Kyule akaziwasha kwa zamu kuzijaribu. Mimi nilikuwa ngazini napaka rangi, kwa hiyo niliona yote. Hita ilipata moto kidogo, ikajizima. Mashine ya nje ikavuma mpaka bomba lake likashika barafu, lakini ndani hewa haikusogea. Mama alikaa na mablanketi mawili, akikohoa polepole ili fundi asijisikie vibaya. Kyule alifungua vifuniko, akavifunga, akaizunguka nyumba mara sita.

Nilimuuliza kama karatasi ya maelezo aliisoma. Alisema aliisoma. Ilisema kwenye themostati hiyo waya wa kijani si wa ardhi, ndio unaoamuru feni isukume hewa. Yeye akaupeleka udongoni tu. Nilikasirika, nikamwambia anamuua mama wa watu kwa ukaidi.

Mama Kasaine akasikia, akamwita. Kyule akamsimulia habari ya Mbuvi, akitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Mama hakumpa pole.

"Mbuvi alikuwa anapenda nini?" akauliza.

Kyule akasimama. Akasema ndugu yake alipenda sana kucheka watu. Nadhani miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, hata mimi.

Akazima swichi kubwa. Akavuta waya mwingine mpya kutoka kwenye chuma cha hita hadi udongoni, akaujaribu mara tatu. Ndipo akauhamisha ule wa kijani hadi mahali pa feni. Akawasha. Hewa ya moto ikatoka, pazia likatikisika.

Mama akanyoosha mkono kuigusa hita. Kyule akauzuia.

"Ngoja, mama. Wacha niguse mimi kwanza."

Akaweka viganja vyote viwili juu ya chuma, akaviacha hapo muda mrefu. Kisha akaketi sakafuni, kando ya kiti cha mama.