Mkanda Unaopita Mara Moja

Fundi wa Nachingwea alifungua kifuniko cha mkanda wa video, akaupuliza, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Huu, mama, utapita mara moja. Ya pili siahidi."

Mimi nauza mitumba soko la Ruangwa. Nikifungua belo nahesabu, halafu nahesabu tena, kwa sababu hesabu ya kwanza huwa ya furaha. Mara moja ni neno ambalo sijalizoea.

Ndani ya mkanda ule kulikuwa na harusi ya binamu yetu kijijini Naipingo, na ndani ya harusi alikuwemo dada yangu, mzima. Alifariki bintiye akiwa na miezi miwili. Albamu tulikuwa nayo. Mchwa wakaimaliza, wakatuachia jalada. Binti huyo sasa ni mtu mzima, na siku ile alikaa kwenye benchi pembeni yangu, amepakata kamera ya shemeji, ileile iliyorekodi harusi, imefungwa kwenye kanga. Sura ya mama yake hakuwahi kuiona.

Ruangwa tulishapita kwa bwana mmoja wa steshenari anayehamisha video kwa kebo ya njano. Nilimwomba kwanza kazi ya mteja mwingine niione. Nyuso zote zilikuwa kama uji uliomwagika.

"Picha ni picha, mama," akasema.

"Na shati ni shati. Mbona hilo ulilovaa ulichagua?"

Akacheka, akatuelekeza kwa huyu wa Nachingwea, mwenye kompyuta ya zamani yenye tundu la kebo nyembamba, inayochukua picha kama ilivyorekodiwa, haiichuji.

"Tuanze na ya njano iwe akiba," nilimwambia fundi. "Halafu hiyo nzuri."

"Ukungu huo unauona? Kila mkanda ukipita, unabanduka na picha. Chagua."

"Zote mbili kwa pamoja?"

"Mama, kompyuta hii ina pumzi moja."

Binti hakungoja nimalize kupatana. "Hiyo nzuri," akasema, akamkabidhi kamera.

Nafasi haikutosha. Saa moja ya mkanda inakula GB kumi na tatu, na diski ilijaa filamu za fundi. Nilisimama nyuma yake mpaka akafuta. Ya mwisho aliifuta kama anayezika. Akazima muziki, akazima intaneti, akabonyeza.

Chini ya skrini palikuwa na namba ya fremu zilizopotea, vile vipande vya picha vinavyodondoka njiani. Sifuri. Harusi sikuiangalia, niliangalia sifuri. Bibi harusi akaingia, sifuri. Wapiga ngoma, sifuri. Halafu vikaanza vigae, miraba midogo ya rangi inayoruka juu ya nyuso za watu.

"Kichwa cha kamera kinachafuka," fundi akasema, kidole juu ya kitufe. "Nisimamishe nisafishe?"

"Ukisimamisha?"

"Mkanda unaweza kunasa."

"Usiposimamisha?"

"Vigae vitaongezeka."

Nimezoea kupatana na mtu mwenye bei mbili. Huyu alikuwa na hasara mbili.

"Mama mdogo," binti akaniuliza, "bado nini afike?"

"Wanapakua pilau. Yeye ndiye atakayetoka na sinia."

"Basi aendelee."

Wapakuaji wakatokea, nusu watu, nusu vigae. Namba ikaruka: moja, tatu. Sinia likatoka jikoni, mikono ikafuata, na juu ya mikono palikuwa na mraba wa kijani. Nikashika ukingo wa meza. Mraba ukaondoka. Dada yangu akamkazia macho mpiga picha.

"We naye, picha hailiwi. Nipishe."

Akapita. Sekunde sita, kisha skrini yote ikawa buluu na kamera ikalia kama inatafuna mchanga.

Fundi aliutoa mkanda kwa kibano, umekunjamana, umekatika. Akafungua faili. Picha ikajaa ile skrini pana, na dada akatoka na sinia, mashavu yamefura.

"Kumbe alikuwa mnene," binti akasema polepole, kama anayejaribu kuzoea.

"Hakuwa mnene. Fundi, mrudishe alivyokuwa."

"Ni skrini inavuta, mama. Mkanda wa zamani ni nne kwa tatu."

"Nne wala tatu mimi sizijui. Mpunguze."

Akabonyeza. Pembeni pakawa peusi, na dada akarudi ndani ya gauni lake mwenyewe. Mifupa ya shingo ikaonekana, na mwanya wa meno ya mbele. Binti akapitisha ulimi kwenye meno yake, taratibu, mdomo umefumba.

"Rudia," akasema.

Fundi alisita, mkono hewani, ule woga wa mkanda bado anao. Kisha akakumbuka kwamba sasa ni faili, akarudia. Akarudia tena. Basi la Ruangwa lilituacha.